Mbiu ya mgambo haikulia Mikumi

Jumamosi moja mwaka huu nilikuwa Mikumi. Sikwenda kwa ajili ya mnada. Nilitumwa kufuatilia habari ya tembo walioingia mashambani, habari ambayo kila mwandishi wa mkoa wa Morogoro ameshaiandika mara tatu. Nilikuwa nakunywa chai kwenye kibanda kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, mara ikapita gari ndogo yenye spika juu ya paa. Jamaa aliyekuwa ndani anatangaza mnada wa nyumba na kiwanja, leo hii, saa nne kamili asubuhi, nyote mnakaribishwa. Nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini.

Kitu cha namna hiyo mwandishi hakiachi. Nikalipa chai, nikapanda bodaboda.

Nyumba yenyewe ni ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati, bado haijapigwa dari. Watu tulikuwa kama ishirini hivi, wengi majirani, na watoto wamejaa juu ya mwembe. Wanunuzi wa kweli walikuwa watatu, na wawili kati yao waliteremka kwenye gari moja. Dalali akasoma karatasi yake ya Kiingereza, kisha akatoa muhtasari wa Kiswahili ambao ulikuwa mfupi kuliko salamu. Mnunuzi wa kwanza akataja bei. Mwenzake wa gari moja akaongeza kidogo. Yule wa tatu akatikisa kichwa, akanyamaza. Moja, mbili, tatu, imeuzwa. Haikufika hata dakika kumi. Fundi mwashi mmoja aliyekuwa amesimama karibu yangu akaninong'oneza kwamba kwa pesa ile yeye angejenga msingi na kuta tu, bati ukajitafutie mwenyewe.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko la nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kununua?"

Nikamwambia mimi ni mwandishi wa habari.

"Sasa utaandika nini? Limeshakwisha."

Nikamuuliza alijua lini kwamba mnada ni leo. Akanijibu, "Nimejua leo, kama wewe." Mzee wake alikuwa ameondoka tangu alfajiri bila kuaga. Karatasi alikuwa nazo yeye, na kila mama alipouliza aliambiwa jambo hilo linashughulikiwa.

Niliporudi mjini nikatafuta tangazo la mnada ule. Lilikuwepo. Lilichapishwa siku za nyuma katika gazeti moja la Kiingereza, kwa herufi za kupofusha macho, katikati ya zabuni na matangazo ya kazi. Kabla ya kuondoka Mikumi nilikuwa nimeshamuuliza muuza magazeti kama gazeti hilo hulileta. Alicheka. Akasema hapa yanauzika ya Kiswahili, hasa ya michezo. Hilo mtu akilitaka aagize.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja tu: hivi yule mama na majirani zake walitangaziwa, au iliwekwa kumbukumbu kwamba wametangaziwa?

Kabla sijaendelea nieleweke. Mimi si mmoja wa wale wanaosema madeni yafutwe. Dawa ya deni ni kulipa, na Waswahili hawakukosea waliposema kukopa harusi, kulipa matanga. Benki inayokopesha inakopesha pesa za wenye akiba, na kati ya hao wamo walimu, wauza mitumba na wazee wastaafu wa Kilosa hiyo hiyo. Rehani isipouzika hakuna atakayemkopesha mtu wa kawaida, watabaki wale wa riba za mtaani tunaowaita kausha damu. Kwa hiyo sina ugomvi na kuwepo kwa mnada. Ugomvi wangu ni na mnada wa siri unaofanyika hadharani.

Tuanze na jambo ambalo wengi Mikumi hawalijui, na hata mimi mwenye shahada yangu nililijua ukubwani. Mnada wa nyumba unakuja kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni mahakama. Umeshtakiwa, umeshindwa, hukulipa. Aliyeshinda anaomba kukazia hukumu, mahakama inakamata mali yako na kumkabidhi kazi dalali wa mahakama. Mlango huu una ngazi nyingi. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966 inataka tangazo la mahakama litoke kwanza, kisha zipite siku zisizopungua 30 ndipo nyumba au ardhi iuzwe, isipokuwa mdaiwa mwenyewe akubali kwa maandishi iuzwe mapema. Mnunuzi analipa robo ya bei, yaani asilimia 25, pale pale, na iliyobaki ndani ya siku 15. Akishindwa, mali inarudi kuuzwa upya. Hata baada ya kuuzwa mlango haujafungwa kabisa. Ndani ya siku 30 mdaiwa anaweza kuleta deni lote pamoja na asilimia 5 ya bei kama kifuta jasho cha mnunuzi, na mauzo yakatenguliwa. Au anaweza kuonyesha kwamba mnada uliendeshwa kwa hila au kinyume cha utaratibu, akaumia.

Tena sheria hiyo ina kifungu ambacho ningependa kibandikwe kwenye kila ofisi ya kata. Kifungu cha 48 kinakataza kukamata nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake, na kinakataza kukamata shamba la mtu ambaye riziki yake yote inatoka kwenye shamba hilo. Kwa maneno mengine, jirani uliyemkopa mbolea akakushtaki na kukushinda hapaswi kukutoa chini ya paa lako.

Sasa njoo kwenye mlango wa pili, ambao ndio mpana zaidi. Huu ni wa rehani. Ukiiweka nyumba yako rehani kwa hiari yako, ile kinga ya kifungu cha 48 umeivua mwenyewe. Na hapa benki haihitaji hukumu ya mahakama hata kidogo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, baada ya kufanyiwa marekebisho mwaka 2004 na tena kupitia Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008, inairuhusu benki kukupa notisi ya siku 60, na zikipita bila wewe kulipa, inauza. Hakimu hajaona faili. Lakini dalali akifika na spika zake, majirani wote watasema "mahakama imekuja". Mdaiwa mwenyewe naye anaamini hivyo, anakaa kimya, kwa sababu nani abishane na mahakama? Kumbe siku zile 60 zilikuwa zake. Angeweza kwenda benki kuomba mkopo upangwe upya. Angeweza kumtafuta mnunuzi mwenyewe kwa bei nzuri. Na kama ana hoja ya haki, angeweza kwenda mahakamani kuomba zuio. Hata asubuhi ya mnada, kabla dalali hajatamka "tatu", mdaiwa akileta deni na gharama zake mnada unakufa hapo hapo.

Watu hawajui. Na asiyejua hana siku 60, ana siku moja tu, ile ya gari la spika.

Haya, tuje kwenye tangazo, maana ndiko jipu lilipo.

Sheria inayosimamia madalali wa minada, Sura ya 227, ni ya tangu enzi za mkoloni. Pamoja na uzee wake, ina akili kuliko sisi wa leo. Inasema ardhi isiuzwe kwa mnada mpaka zipite siku zisizopungua 14 za tangazo la hadhara, na tangazo hilo litolewe kwenye mji mkuu wa wilaya na pia mahali pale pale ambapo mnada utafanyika. Kwa Mikumi maana yake ni Kilosa mjini na Mikumi penyewe. Kisha inaongeza kwamba tangazo lisiwe la maandishi peke yake, litolewe pia kwa njia inayoeleweka na mtu asiyejua kusoma, na liandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Mkoloni, pamoja na dhambi zake zote, alijua kwamba huwezi kumuuzia mtu ardhi yake kwa lugha asiyoijua!

Sheria ya Mwenendo wa Madai nayo asili yake ni ile ya India ya mwaka 1908, na ile ya India ilitaja kabisa kwamba tangazo la kukamata ardhi lipigiwe ngoma au litolewe kwa desturi nyingine ya mahali. Ngoma! Sisi tulikuwa na mbiu ya mgambo, na tunajua kwamba ikilia kuna jambo. Leo tuna redio za jamii, tuna mikutano ya vitongoji, tuna misikiti na makanisa yanayosoma matangazo kila wiki, tuna makundi ya simu ambayo habari ya msiba inafika Ruaha kabla maiti haijaoshwa. Halafu tangazo la kuuza nyumba ya mtu linawekwa kwenye gazeti ambalo muuza magazeti wa Mikumi haleti.

Na usisahau kwamba Februari 2021 Bunge letu lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia, mimi nikiwamo. Hebu fungua gazeti lolote la Kiingereza uangalie kurasa za nyuma, uone minada ya nyumba za watu wa vijijini imeandikwa kwa lugha gani.

Sheria ya Ardhi yenyewe haikuacha mwanya. Inasema mkopeshaji anayeuza kwa mnada ana wajibu wa kuutangaza mapema kwa namna itakayowafikia watu wanaoweza kupenda kununua. Soma tena: watu wanaoweza kupenda kununua. Nani anaweza kupenda kununua nyumba Mikumi? Mwenye gesti ya jirani, mwalimu anayejenga, mkulima wa miwa wa Ruaha au Kidodi aliyepata msimu mzuri, dereva wa lori anayetaka kibanda pale njiani. Hawa ndio wangepandisha bei. Hawa ndio ambao hawakuwepo.

Na bei ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka muuzaji apate bei bora inayowezekana. Kikaenda mbali zaidi: kama mali imeuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya wastani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba mkopeshaji amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo, na mdaiwa anaweza kuomba mahakama iyatengue mauzo.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Nyumba thamani yake sokoni ni shilingi milioni 40. Deni pamoja na riba na gharama ni milioni 22. Ikiuzwa kwa milioni 36, benki inachukua chake, na milioni 14 zinazobaki ni za mwenye nyumba, kwa sababu sheria inataka baki irudishwe kwake. Familia inahama kwa uchungu, lakini inahama na mtaji. Ikiuzwa kwa milioni 18, familia inahama bila kitu na bado inadaiwa milioni 4. Nyumba ni ile ile na deni ni lile lile. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliosikia tangazo. Na ona jambo hili: katika mauzo ya milioni 18 benki nayo haikulipwa yote. Aliyefaidi ni mmoja tu, yule aliyeteremka kwenye gari.

Nimezungumza na watu wanaozijua kazi hizi, wakaniambia nisiwe mwepesi. Wanasema bei za mnada huwa chini kila mahali duniani kwa sababu mnunuzi ananunua na kesi. Ni kweli. Mtu mwenye pesa zake anaogopa kununua leo, kesho akaitwa mahakamani na mke wa mdaiwa, kesho kutwa na ndugu wa ukoo wanaosema kiwanja ni cha babu. Sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, lakini ulinzi wa kwenye karatasi haumwondolei safari za kwenda mahakamani. Basi, kama hofu ya kesi ndiyo inayoshusha bei, dawa yake ni ipi? Ni mnada safi. Mnada uliotangazwa vizuri hauna mwanya wa kupingwa. Mnada wa kimyakimya unazaa kesi, kesi zinazaa hofu, hofu inashusha bei, na bei ya chini inazaa kesi nyingine. Tunajitafuna mkia wenyewe.

Tena kuna suala la mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi nayo inataka ridhaa hiyo kwenye rehani ya nyumba ya ndoa, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kujua kama mwombaji ana mwenzi. Lakini sote tunajua saini inavyopatikana katika nyumba nyingi. "Mama nanii, weka dole hapa." Hasomewi, haambiwi ni shilingi ngapi, haambiwi zikikosekana itakuwaje. Wapo hata wanaomleta mwanamke mwingine aigize kuwa mke. Yule mama wa Mikumi sikumuuliza kama aliweka saini. Nilimwonea aibu. Lakini najua kwamba notisi ya siku 60 ilipofika nyumbani, yeye hakusomewa. Mimi ningependa notisi hiyo mwenzi apewe nakala yake mkononi, si kupitia kwa mume anayeona haya kusema ameshindwa. Wanaume wenzangu, tunaua familia kwa kuona haya!

Sasa ngoja niseme jambo ambalo huenda litanikosanisha na wakubwa. Kilosa si mahali pa kuchezea ardhi. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa kwa siku moja katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tangu hapo ugomvi umeibuka na kutulia na kuibuka tena katika vijiji vingine. Na ukitoka Kilosa mjini kwenda Kimamba na Rudewa utayapita mashamba makubwa ya mkonge, mengine yameota vichaka. Yalikuwa ya wakoloni na makampuni, yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha yakarudi kwa watu binafsi wakati wa ubinafsishaji. Baadhi ya waliopewa hawakulima. Serikali yenyewe imelalamika kwa miaka mingi kwamba wapo wenye mashamba makubwa wanaotumia hati zao kuchukua mikopo, pesa ikaenda kufanya biashara nyingine mjini huku shamba likibaki pori. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa marekebisho ya Sheria ya Ardhi mwaka 2018, yanayotaka mkopo uliochukuliwa kwa ardhi isiyoendelezwa utumike kuiendeleza ardhi hiyo hiyo. Na hati za mashamba kadhaa hapo Kilosa zimeshafutwa kwa kutoendelezwa.

Swali langu ni dogo. Mwenye kiwanja kimoja Mikumi akikosa kulipa, kuna siku 60 na gari la spika. Mwenye maelfu ya ekari akikosa kuendeleza, kuna miaka ishirini, vikao, tume, barua na mawakili. Sisemi sheria ni mbili, maana kitabu ni kimoja. Nasema kasi ni mbili. Na mtoto wa kijijini anayekua akiona paa la baba yake likiuzwa kwa dakika kumi, huku ng'ambo ya barabara kuna pori lenye hati ambalo haruhusiwi hata kukata kuni, huyo usimtegemee aje kuheshimu hati yoyote atakapokuwa mtu mzima.

Jambo lenyewe halipoi, linapamba moto. Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kwenda Dodoma, na Kilosa imepata stesheni yake. Mikumi inakaa njiapanda ya barabara kuu na ile ya Kidatu na Ifakara, na upande mmoja imebanwa na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa hiyo haina pa kutanukia sana. Ardhi ya maeneo haya itapanda bei, hilo halihitaji mganga. Ikipanda, hati zitaingia benki kwa wingi, na zikiingia kwa wingi nyingine zitashindwa kutoka. Minada itaongezeka. Ni afadhali tuunyooshe utaratibu sasa.

Nini kifanyike? Sina orodha ndefu.

Kwanza, tangazo la kuuza ardhi liwe la Kiswahili, libandikwe kwenye ofisi ya mtendaji wa kata, ofisi ya kijiji au kitongoji, na sokoni, na mtendaji atie saini na tarehe kwamba limebandikwa. Karatasi moja na gundi haimfilisi mtu. Na litangazwe kwa sauti siku ya gulio, sio dakika ishirini kabla ya mnada.

Pili, tangazo litaje thamani iliyopimwa na mthamini na bei ya chini ambayo mali haitauzwa pungufu yake. Hapo wale wa gari moja hawatakuwa na mchezo wa kucheza.

Tatu, matokeo yabandikwe pale pale tangazo lilipobandikwa: imeuzwa shilingi ngapi, deni lilikuwa shilingi ngapi, dalali amechukua ngapi, baki ni ngapi. Mwizi haogopi kingine kama hesabu iliyobandikwa ukutani.

Nne, siku 60 ziangaliwe upya. Wenzetu Kenya, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, wanatoa notisi ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Benki zao hazijafa. Mkulima wa Kilosa anavuna kwa msimu. Ukimpa siku 60 Januari, unamtaka alipe kwa mahindi ambayo hata hayajabeba. Na hii ni wilaya ambayo mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi na kuikata reli. Huku si kila anayechelewa kulipa ni mjanja.

Tano ni letu waandishi, na hapa najinyooshea kidole mwenyewe. Magazeti yanaishi kwa matangazo hayo. Nimefanya kazi chumba cha habari, najua ukurasa wa matangazo hauguswi. Lakini hakuna anayetuzuia kwenda kusimama kwenye minada na kuandika tulichokiona. Nimeripoti warsha ngapi za hoteli Morogoro mjini, nikala biskuti, nikaandika "imeelezwa kwamba"? Mnada mmoja wa dakika kumi umenifundisha kuliko warsha zote hizo, na niliufikia kwa bahati tu, kwa sababu ya tembo.

Na wewe unayedaiwa, au mwenye mzee anayedaiwa, ukipata karatasi usiifiche chini ya godoro. Uliza ni ya mahakama au ya benki. Tazama tarehe. Muonyeshe mkeo, muonyeshe mumeo, muonyeshe hata kijana anayejua kusoma Kiingereza. Halafu nenda ukazungumze na wanaokudai ukiwa bado na siku mkononi. Kunyamaza hakujawahi kulipa deni la mtu.

Nilipokuwa naondoka kwenye ile nyumba, dalali alikuwa anamjazia mnunuzi karatasi kwenye boneti ya gari. Watoto walikuwa wameshashuka mwembeni. Mama alikuwa bado kwenye kigoda chake, anachambua mboga, kwa sababu mchana ulikuwa unakuja na watoto lazima wale. Nilitaka kumwambia kuhusu kifungu cha 133, kuhusu asilimia 25, kwamba pengine bado kuna njia. Nikamwandikia kwenye karatasi ya daftari langu, pamoja na jinsi ya kupata msaada wa kisheria mjini. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Ungekuja wiki mbili zilizopita, mwanangu," akasema.

Wiki mbili, siku 14. Ndizo zile zile zilizoandikwa kwenye sheria.